Sinema ya Jumatano

Karashoky, 6 Februari 1978

Mpwa wangu Akmaral,

Kabla hujaendelea kumsikiliza huyo mwalimu wako wa chuo kikuu, mwambie hivi: mtu aliyevumbua kuanza hadithi katikati bado yu hai, anakaa Karashoky, na goti lake la kushoto linamsumbua wakati wa baridi. Mtu huyo ni mimi. Miaka ishirini nimezungusha sinema malishoni kwa lori la shamba. Wachungaji wetu Kirusi hawakijui, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nasimama kando ya kitambaa cheupe na kuwatafsiria. Nikisema jambazi ni shemeji yake, basi ni shemeji yake. Nikitaka tuanze na mkanda wa tatu, tunaanza na mkanda wa tatu. Mkurugenzi wa shamba aliwahi kusema mbele za watu kwamba bila mimi manyoya ya kondoo yangepungua nusu, maana mchungaji asiyecheka hukata vibaya. Kama hakusema hivyo hasa, alikuwa karibu kusema.

Sasa hadithi yako. Umeniletea nikague kama mambo yalikuwa hivyo, nami nimekagua, mara ya pili kwa miwani. Unaandika vizuri, hilo umelirithi kwetu, upande wa mama. Lakini mwanzo wako ulinifanya niweke kikombe chini. Unasema: "Jumanne asubuhi lori la baba lilizama kwenye barafu ya ziwa, na hadi Alhamisi mama hakuambiwa." Mwanangu, nani anamwaga habari ya kifo mlangoni namna hiyo? Msomaji hajaketi, hajapewa chai, tayari umeshamtupia maiti mapajani. Unajua kabisa kwamba kwetu kifo hakitamkwi hivyo. Wazee huja pamoja, huketi, huzunguka na maneno ya mbali, na mwenye msiba hufika mwenyewe pale walipo.

Halafu nani anayesimulia? Mara uko chini ya barafu na marehemu, mara uko kichwani mwa mama yako, mara uko kwenye mashine yangu ya sinema. Hata kunguru hukaa juu ya paa moja mpaka amalize kutazama.

Lakini hayo ni ya ufundi. Lililonileta ni ule ukurasa ambapo dada yangu Kulzira, mama yako, anacheka sinemani Jumatano jioni. Hilo gazeti lako la vijana linafika hapa, na likifika linasomwa mpaka matangazo. Ataingia dukani kununua sukari, watu watasema ndiye huyo aliyecheka na mumewe yuko majini. Mtoe sinemani. Andika kwamba alikuwa na mafua.

Na pale mwisho umeacha pengo, hukuandika aliambiwaje. Hukuwepo, ulikuwa umepelekwa kwa jirani. Nilikuwepo mimi, tena ndiye niliyemwambia. Nilisimama katikati ya nyumba nikamweleza kwa mashairi, beti saba, juu ya tai aliyekata kamba akapaa asirudi mkononi. Mzee Tolegen, kaka mkubwa wa baba yako, alilia mpaka ndevu zikadondosha maji. Farasi nje waliinamisha vichwa.

Mjomba wako,
Sarsenbai


Alma-Ata, 15 Februari 1978

Shikamoo mjomba,

Farasi huinamisha vichwa kila siku. Inaitwa kula. Na wewe ulikuwa ndani, umewaonaje?

Kwenye harusi ya Bekzat beti zilikuwa tatu. Kwenye hitima ya bibi zikawa tano. Sasa ni saba. Nikichelewa kuchapisha utakuwa umeimba hadi asubuhi.

Kuhusu kunguru, mwalimu amesema hayo hayo, tena bila kukujua. Anasema hadithi inayoonwa kutoka kila mahali haina mwenyewe. Huo mstari mmoja nakubali. Lakini mwanzo siubadilishi, na nitakuambia kwa nini, kwa sababu sijawahi kukuambia.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilikaa mbele kabisa, juu ya sanduku la mikanda. Ilikuwa ile ya mpishi mnene anayefukuzwa na bata bukini. Ukaweka mkanda wa nne kabla ya wa pili, bwana harusi akatoka ukumbini na mke ambaye bado hajakutana naye. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikageuka nimtafute mama, nikaona kwamba watu hawatazami kitambaa. Wananitazama mimi. Nikadhani wanafurahi kwa kuwa nafurahi, basi nikacheka zaidi, kwa ajili yao.

Kesho yake nikajua wote walikuwa wanajua. Wewe, Mzee wa duka, mwalimu wangu wa darasa, hata watoto wakubwa. Miaka kumi na miwili sasa, wenzangu wakienda sinema nasema kichwa kinaniuma.

Ndiyo maana naanza na barafu. Nataka msomaji ajue mlichokijua ninyi. Nataka akae pale na ninyi, atutazame mimi na mama tukicheka, aone ulikuwa mchezo gani.

Na lile pengo nataka kulijaza. Mama hajawahi kunieleza aliambiwaje, na kila nikimuuliza anakumbuka kitu jikoni. Gazeti linataka hadithi kabla ya katikati ya Aprili. Sitaki kutoa kitu chenye shimo, wala sitaki kulijaza kwa tai wako.

Mpwa wako,
Akmaral


Karashoky, 1 Machi 1978

Mpwa wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi.

Mchezo haukuwa mchezo. Sikiliza nikupange mambo yalivyofuatana, maana wewe umeyaona kutoka juu ya sanduku tu. Jumanne waliokuwa nyuma ya baba yako na lori la pili la majani makavu walirudi na habari. Mzee Tolegen alikuwa kambi ya majira ya baridi, ng'ambo ya ziwa, na dhoruba imefunga njia. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Mpaka afike, hakuna aliyekuwa na kinywa cha kusema neno lile. Ningemwambia mimi peke yangu, hapo mlangoni, ingekuwa kama kumtupia mzigo na kuondoka. Ulitaka mama yako alipokee mwenyewe, hana hata mkono wa kushika?

Tulichoweza ni kutomwacha peke yake. Wanawake wakawa wanaingia na maandazi, mmoja anaazima chekeche, mwingine analirudisha. Jumatano nyumba ikajaa, na jioni ikaanza kunyamaza. Nyumba iliyojaa watu halafu ikanyamaza hujisema yenyewe. Ndipo wakaniambia, Sarsenbai, leta mashine. Nilikuwa na sinema mbili garini. Ya pili ilikuwa ya vita. Ungechagua ipi?

Kuhusu mikanda, ule ulikuwa ufundi. Sasa mnafundishwa chuoni.

Na Alhamisi wazee walipofika ni mimi niliyesema, kwa sauti isiyotikisika. Beti zilikuwa tisa, nimezihesabu upya.

Nina shauri. Hadithi isimuliwe na mimi. Mtu wa mashine hukaa nyuma, anaona wote, na wote wamempa kisogo. Nani anafaa zaidi? Unaanza nikiwasha mota. Unaeleza sura yangu kidogo, nilikuwa na nywele wakati ule. Halafu mama yako ana mafua, hayupo, na tunakwenda moja kwa moja kwenye mashairi.

Usimtie dada yangu gazetini akicheka. Naomba hilo tu.

Mjomba wako,
Sarsenbai


Alma-Ata, 9 Machi 1978

Shikamoo mjomba,

Kwa desturi yetu mpwa anaweza kuchukua vitu vitatu nyumbani kwa ndugu wa mama yake, na haruhusiwi kunyimwa. Nikiwa na miaka saba nilichukua kofia yako ya mbweha. Nilipokuja chuoni nikachukua hatamu yenye fedha, ukalia machozi ya kweli, ukasema ni vumbi.

Bado kimoja. Nakidai sasa. Nataka kujua mama aliambiwaje. Bila tai.

Halafu jambo jingine. Kama kosa ni kumweka mama gazetini bila kumuuliza, hilo ni kosa langu na nimelirekebisha. Leo asubuhi nimemtumia hadithi yote kwa posta, na mwanzo wake ule ule, pamoja na shauri lako la mafua.

Mpwa wako,
Akmaral


Karashoky, 17 Machi 1978

Akmaral,

Umefanya nini wewe.

Barua yako nimeipata leo saa tatu. Nikakimbia posta na goti hili. Zeynesh, yule wa dirishani, akaniambia bahasha nene ya Kulzira ilikuwepo mpaka jana. Nikamwambia angeniachia mimi nimpelekee, mimi ni ndugu yake. Akasema bahasha imeandikwa Kulzira, na Kulzira anayemjua yeye hana masharubu.

Nikaenda kwa dada. Nilimkuta mezani, karatasi zako mbele yake, amezipanga, juu yake ameweka bakuli la sukari zisipeperuke. Akanimiminia chai. Nikaongea kuhusu theluji, nikaongea kuhusu ng'ombe wa shamba, nikaongea kuhusu meno yangu. Nilipoinuka akaniuliza jambo moja tu: ni nani aliyesema aandikwe ana mafua?

Nilitoka bila kofia.

Hicho kitu cha tatu, fikiria tena. Nina farasi dume mwekundu, miaka minne, anakwenda kama maji. Njoo umchukue.

Sarsenbai


Karashoky, 25 Machi 1978

Mwanangu Akmaral,

Mimi si mtu wa barua, utanisamehe. Nimesoma hadithi yako siku mbili, kwa sababu nilikuwa narudia.

Kitambaa changu cha kichwa hakikuwa chekundu. Kilikuwa cha kijani, baba yako alikinunua Balkhash.

Mjomba wako anataka unitoe sinemani. Usinitoe. Nilikuwepo na nilicheka, tena nilicheka kuliko wewe. Ile mikanda kuchanganyika si ufundi wake. Mikono ilikuwa inamtetemeka, nikadhani amekunywa, nikasema moyoni nitamtania kesho. Yule mpishi alipoingia chini ya kitanda na yule bata bukini akamfuata, nilikuwa nalikariri jambo lile niende nikamsimulie baba yako, Orazaly. Sinema zote nilikuwa namsimulia, yeye alikuwa barabarani daima. Nilikuwa naamua nianze wapi, kwa sababu ukimwanzia mwanzo alikuwa anasinzia. Nilikuwa nimemwekea na nyama ya shingo kwenye bakuli la bluu.

Unaandika kwamba alifariki Jumanne. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa na serikali. Lakini kwangu mimi alifariki Alhamisi. Jumatano nzima nilikuwa mwanamke mwenye mume. Kijiji kizima tayari kilikuwa kimempoteza, na wewe na mimi bado tunaye. Watu wale hawakutunyang'anya kitu. Walikaa na uchungu wao kooni siku mbili ili sisi tukae naye. Nimekuwa mjane miaka kumi na miwili, na ninapotaka kumkumbuka akiwa hai sirudi kwenye harusi yetu. Narudi pale, nimekaa gizani, nacheka, napanga nitakavyomwambia.

Kwa hiyo sikasiriki kwamba umeandika. Nakasirika kidogo kwa ule mwanzo. Ukianza na barafu, msomaji anajua na mimi sijui, na kila nikicheka atanihurumia. Sitaki anihurumie Jumatano. Alhamisi anihurumie akitaka. Wewe mwenyewe ndivyo unavyofanya, mwanangu, kila ukikumbuka unaanza na barafu, kisha unajitazama ukicheka unajichukia. Ulipocheka ulikuwa na baba.

Unaniuliza kila mara niliambiwaje, nami naenda jikoni. Sikuwa naficha la kwangu. Ni la mtu mwingine, na amelifunika kwa mashairi kwa muda mrefu, nikamwachia. Muulize yeye. Akikuambia beti, niandikie nitamfuata na mwiko.

Kula vizuri. Nimempa jirani yetu anayekuja huko siagi na maandazi.

Mama yako,
Kulzira


Alma-Ata, 2 Aprili 1978

Shikamoo mjomba,

Mama ameniandikia. Barua yake sikutumii, ni yangu.

Hadithi nimeibomoa. Sasa inaanza Jumatano jioni, mwanamke mwenye kitambaa cha kijani anaingia nyumbani kwake na kukuta watu wamejaa na mtu anatundika shuka ukutani. Hatutoki machoni pake hata mara moja. Asichokijua, msomaji hakijui. Kama ni kucheka, wacheke pamoja. Barafu haipo. Ziwa limetajwa mara moja tu, kwamba limeganda.

Ijumaa nilikwenda sinema na wenzangu. Sikupenda, ilikuwa mbaya kweli, lakini nilikaa hadi mwisho.

Nimefika pale mlango unapofunguka Alhamisi asubuhi. Anainuka kutoka kwenye sufuria. Anawaona Mzee Tolegen, wewe na wazee wengine mnaingia bila kuvua kofia. Hapo nimekwama. Mama anasema ni neno lako, si lake. Amesema pia ukinipa beti atakufuata na mwiko.

Kitu changu cha tatu, mjomba. Farasi baki naye. Gazeti linangoja hadi tarehe kumi na tano.

Mpwa wako,
Akmaral


Karashoky, 8 Aprili 1978

Mpwa wangu Akmaral,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila nikianza tai anaingia. Basi naandika haraka kabla hajarudi. Namtuma dereva wa maziwa aipeleke mjini, isipitie kwa Zeynesh.

Zamu ya kusema haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mzee Tolegen, mkubwa wa ukoo. Ni mimi niliyeiomba, nje, kwenye theluji. Nilimwambia yule ni dada yangu, na katika wilaya hii hakuna anayeweza kuongea kama mimi, na hilo unajua ni kweli. Mzee alikuwa amepanda farasi kwenye dhoruba, amechoka, midomo imepasuka. Akakubali. Beti nilikuwa nazo, si saba wala tisa, zilikuwa nne, nimezitunga nikiwa macho. Zilikuwa nzuri. Mpaka leo hakuna mtu aliyezisikia.

Tukaingia. Wazee wakaketi. Mama yako alikuwa amesimama karibu na jiko, mkononi ana kikombe. Nikasonga katikati ya nyumba, nikashika mshipi wangu, nikafungua kinywa.

Kwikwi.

Nikameza, nikaanza tena. Kwikwi. Ya tatu ilikuwa kubwa hata mbwa nje akabweka. Nikawatazama wazee, wanatazama zulia. Nikataka kusema "tai", ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe yeyote. Na machozi yananitoka, na siwezi kulia vizuri kwa sababu ya kwikwi.

Dada yangu akaja. Kwanza alidhani nimepaliwa. Akanipiga mgongoni. Akachota maji akanipa kile kikombe, akakishika yeye, maana mimi kingenianguka. Nikanywa. Akaniambia, kama alivyokuwa akiniambia nikiwa mtoto, "Bana pumzi, Sarsen. Usiseme kitu. Bana tu." Nikabana. Akanitazama usoni kwa karibu, kama hivi, na nikaona anafika pale tulipo.

Akauliza, "Ni Orazaly?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hivyo ndivyo alivyoambiwa. Jina alilitaja yeye. Mzee Tolegen akaanza kulia kwa sauti, wanawake wakaingia kutoka nje, nyumba nzima ikainuka, mama yako katikati yao. Mimi bado nilikuwa nimesimama palepale na kikombe kitupu, mashavu yamevimba, nabana pumzi.

Mjomba wako,
Sarsenbai